Kufikisha kiraka cha kasoro ya kache kwenye kerneli ya Linux

Viraka (mabadiliko ya msimbo) vingi vya kukwepa kasoro ya kache, kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa, hufanya kazi vizuri kwenye bodi ya aliyeviandika, na bado hurudishwa. Kosa lao ni kuzitoza prosesa zisizo na kasoro gharama ya zile mbovu.

Mfano mzuri umo tayari ndani ya kerneli: prosesa za Arm Cortex-A53 za mwanzo, hadi toleo r0p2 (r ni variant, p ni revision). Kasoro 826319 inaweza kugandisha mfumo mzima. Dawa yake ni kubadilisha amri ya kusafisha kache, dc cvac, iwe dc civac, ambayo husafisha na kubatilisha papo hapo. Tafuta ARM64_WORKAROUND_CLEAN_CACHE kwenye msimbo, uisome yote kabla ya kuandika ya kwako.

Kwanza hakikisha ni prosesa ipi. Kwenye /proc/cpuinfo, implementer 0x41 ni Arm na part 0xd03 ni Cortex-A53. Variant 0x0 ikiwa na revision 4 ni r0p4, ambayo kasoro hii haiihusu. Linganisha na waraka wa kasoro wa mtengenezaji. Waraka ukisema tatizo linazimwa kwa kuweka biti kwenye CPUACTLR, rejista ya mipangilio ya prosesa, kwa kawaida hiyo ni kazi ya programu dhibiti, kabla kerneli haijaamka. Usiilete kwenye kerneli.

Faili za kugusa:

- arch/arm64/Kconfig: chaguo la ARM64_ERRATUM_ na namba ya kasoro, default y, na maelezo yanayotaja matoleo yanayohusika.
- arch/arm64/tools/cpucaps: jina la uwezo mpya (capability), alama ya kerneli kwamba prosesa ina kasoro hiyo. Orodha imepangwa kialfabeti, usilibandike mwishoni.
- arch/arm64/kernel/cpu_errata.c: ingizo kwenye jedwali la arm64_errata. Kwa mfano wetu masafa ni MIDR_REV_RANGE(MIDR_CORTEX_A53, 0, 0, 2), yaani r0p0 hadi r0p2 basi.
- Documentation/arch/arm64/silicon-errata.rst: mstari mmoja. Wengi huusahau.

Amri yenyewe ipitishe kwenye mfumo wa alternatives, wa kubadilisha amri za kerneli wakati wa kuwaka. Kerneli inapowaka hukagua prosesa, na ikikuta iliyoathirika ndipo hubadilisha amri hizo kwenye kumbukumbu. Ukiweka if ya kawaida ndani ya kitanzi cha kusafisha kache, kila simu na kila seva italipia ukaguzi huo milele, na utaulizwa kwa nini.

Panapowaangusha wengi ni programu za mtumiaji. Kwenye arm64, programu ya kawaida inaruhusiwa kutoa dc cvac bila kupitia kerneli. Vikusanyaji vya papo kwa papo (JIT), vinavyotengeneza msimbo programu ikiendelea, hutumia amri za aina hii kila mara. Kurekebisha kerneli peke yake kunaacha mlango wa nyuma wazi. Ndiyo maana ingizo la A53 lina cpu_enable_cache_maint_trap: linazima biti ya UCI kwenye rejista ya SCTLR_EL1, inayoruhusu programu kutoa amri hizo, amri inanaswa, kisha kerneli inaitekeleza kwa njia salama. Inapunguza kasi, na kwenye ujumbe wa kiraka liseme hilo waziwazi.

Jaribu ukiwa umewasha chaguo la Kconfig, kisha ukiwa umelizima. Kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) tafuta mstari wa "CPU features: detected:" wenye maelezo yako. Kwenye prosesa isiyo na kasoro mstari huo usionekane kabisa.

Kabla ya kutuma, endesha scripts/checkpatch.pl --strict, halafu scripts/get_maintainer.pl ikupe anwani. Tuma kwa git send-email, maandishi matupu, bila kiambatisho. Ujumbe ueleze dalili, matoleo, na kwa nini dawa inatosha. Chini weka Signed-off-by, na Cc: stable@vger.kernel.org kama matoleo ya zamani yanahitaji. Huko kwenye stable, yaani matawi ya matoleo ya zamani yanayoendelea kurekebishwa, kikomo ni mistari 100 pamoja na muktadha, kwa hiyo usafi wa msimbo uutenge kwenye kiraka kingine.

Ukituma ndani ya wiki 2 za dirisha la kuunganisha (merge window), wakati mabadiliko ya toleo lijalo yanapoingizwa, tegemea ukimya. Ukiombwa marekebisho, tumia git format-patch -v2 na uandike mabadiliko chini ya ---, mahali ambapo hayaingii kwenye historia.

Kikishapokelewa, angalia barua pepe yako. Kiraka kikikataa kuingia kwenye toleo la zamani, wa stable watakuandikia. Wajibu kwa nakala iliyorekebishwa kwa toleo hilo, ikitaja hashi ya komiti ya asili.