Besi ya mninga: pima kutoka kizingitini

Gitaa la besi ninalopigia kwaya yetu kila Jumapili nimelichonga mwenyewe, uani kwangu Keko, Dar es Salaam, kwa mbao za mninga na kipande cha mpingo. Ni la pili. La kwanza limetundikwa ukutani na halipigiki. Sababu nitaieleza tukifika kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, maana hapo ndipo gitaa hupatikana au hupotea.

Anza na mbao. Mimi natumia mninga kwa sababu ukishakauka hautembei ovyo, na si mzito kupita kiasi. Mkongo ni mzuri wa kutazama, lakini subiri uuning'inize begani ibada nzima. Tatizo ni kwamba mbao nyingi tunazouziwa bado zina maji. Nilivipanga vipande vyangu ndani ya nyumba, nikaweka vijiti kati yao hewa ipite, na kila Jumamosi nilikwenda na kimoja kwenye mzani wa jirani yangu muuza mchele. Uzito ulishuka wiki baada ya wiki. Uliposimama palepale Jumamosi tatu mfululizo, nikajua mbao iko tayari. Usiikimbize hatua hii.

Mwili ni vipande viwili vilivyoungwa ubavu kwa ubavu kwa gundi ya mbao, vikabanwa usiku kucha, kisha vikapigwa randa hadi unene wa milimita 45. Chora umbo kwanza kwenye plaiwudi, ulipakate kama gitaa, ulirekebishe, ndipo ukate mninga. Vaa barakoa, vumbi lake linakera pua na kifua.

Shingo nataka uifikirie zaidi. Nyuzi nne za besi zikishakazwa huivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na hazipumziki hata usiku. Ndiyo maana naunga vipande vitatu vyembamba, cha katikati nikikigeuza kichwa chini, ili kimoja kikitaka kupinda wenzake wakizuie. Katikati chimba mfereji wa nondo ya kurekebishia shingo. Hiyo agiza, usijaribu kuibuni. Ilale kwenye mfereji bila kucheza, na gundi isiiguse.

Juu ya shingo unakuja ubao wa freti. Wangu ni mpingo wa milimita 6, niliopata kwa wachonga vinyago wa Mwenge, ambao vipande wasivyovihitaji huviweka pembeni. Mpingo una mafuta, kwa hiyo gundi huukataa. Ufute kwa kitambaa chenye thina, ukikauka tu paka gundi hapohapo na ubane.

Sasa freti. Mtengeneza magitaa Mmarekani, Leo Fender, alipotoa besi yake mwaka 1951 aliiita Precision, kwa kuwa freti zilimpa mpigaji sauti kamili bila kubahatisha kama kwenye besi kubwa ya kusimama. Urefu wa uzi unaolia ulikuwa inchi 34, yaani milimita 864, na ndio ninaoutumia. Hesabu yake ni hii: gawa 864 kwa 17.817, unapata 48.5. Hapo ndipo freti ya kwanza inakaa, ukipima kutoka kwenye kizingiti, ule mfupa mdogo unaobeba nyuzi chini ya kichwa. Urefu uliobaki ugawe tena kwa 17.817, upate umbali kutoka freti ya kwanza hadi ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya 20.

Kosa la gitaa langu la kwanza lilikuwa kupima freti moja hadi nyingine kwa futi ya useremala. Kila mara nilikosea kiasi cha unene wa mstari wa penseli, na makosa yale yakajumlishana. Nilipofika ya 12 nilikuwa nimepotea karibu milimita 3. Mbele ya kinanda sauti zilikwaruzana, mwalimu wa kwaya akaninyooshea mkono ninyamaze.

Kwa hiyo jumlisha umbali wote kwenye karatasi kwanza. Kisha laza rula ya chuma ya mita moja, ibane isisogee, na weka alama zote kutoka kizingitini kwa ncha ya kisu. Penseli ni nene mno. Hakiki: ya 5 iwe 216.7, ya 7 iwe 287.4, ya 12 iwe 432 kamili, nusu ya urefu wote.

Kata mifereji kwa msumeno mwembamba unaolingana na mguu wa freti, ule ukingo unaozama kwenye mbao, ukiegemeza kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Mpingo hutoa unga mweusi laini kama masizi. Upulize kila baada ya mikato michache, la sivyo msumeno hupanda juu ya unga na mfereji hupanuka. Freti iingie kwa nyundo ya plastiki na ishike yenyewe.

Umeme ni mwepesi. Pikapu moja, yaani kinasa sauti cha nyuzi, vidhibiti viwili vya kilo-omu 250, kapasita ya mikrofaradi 0.047 na jeki. Fundi redio yeyote atakulehemia. Mwambie asisahau waya wa kwenda kwenye daraja la nyuzi, kile chuma kinachozishika mwilini, bila huo spika itanguruma.

Toboa matundu ya skrubu kabla ya kuzikaza na uzipake sabuni, mninga usipasuke. Weka nyuzi, kaza hadi sauti zake, uache gitaa lilale usiku mmoja. Asubuhi bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie katikati, kati ya uzi na freti: ipite kadi nyembamba ya vocha, basi. Nafasi ikiwa kubwa, kaza nondo robo mzunguko, tuni upya, usubiri tena hadi kesho yake.