Jinsi ya kuomba ufadhili wa mradi wa filamu, uandishi au sanaa

Msanii akiniletea ombi lake nilipitie, huwa nafungua bajeti kwanza. Ukurasa ule mmoja unanionyesha kama mwenye mradi anajua atafanya nini wiki ya kwanza baada ya fedha kuingia. Kwa hiyo mwongozo huu haufuati mpangilio wa fomu. Tutasoma tangazo, tutakusanya karatasi, tutaandika bajeti, na maelezo ya mradi yatakuja baadaye, ingawa wengi huyaanza siku ya kwanza na kuyamalizia usiku wa mwisho.

Soma tangazo ukitafuta sababu ya kukatwa

Maombi mengi huondolewa kabla jaji hajaliona wazo lenyewe, kwa sababu mwombaji hakustahili tangu mwanzo. Chukua kalamu, upigie mstari kila sentensi yenye neno "lazima", "tu" au "isipokuwa". Angalia nani anaruhusiwa: mtu binafsi, kikundi kilichosajiliwa au kampuni? Uraia gani, umri gani? Mradi uwe umefikia wapi?

Mifano inatofautiana sana. Mfuko wa Kimataifa wa UNESCO wa Anuwai za Utamaduni, uliotokana na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 wa kulinda anuwai za tamaduni, hupokea maombi ya taasisi za umma na mashirika yasiyo ya kiserikali. Mtu binafsi hana nafasi pale, na ombi la taasisi hupitia kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi husika. Mwandishi wa hadithi fupi aliye raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola ana njia nyepesi zaidi: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haitozi ada, inapokea hadithi ambayo haijachapishwa, yenye maneno 2,000 hadi 5,000, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozikubali. Yapo pia mashindano ya Kiswahili peke yake, kama Tuzo ya Safal, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Kwa watu wa filamu, mfuko wa Hubert Bals Fund wa tamasha la filamu la Rotterdam umekuwapo tangu 1988, na World Cinema Fund wa tamasha la filamu la Berlin tangu 2004. Masharti ya mifuko hii hubadilika kati ya msimu mmoja na mwingine, kwa hiyo usitegemee tangazo la mwaka jana hata kama mwenzako alilitumia akafaulu.

Kwenye filamu, neno la kuangalia kwa makini ni hatua ya mradi. Kuna ufadhili wa kuandika skripti, wa maandalizi, wa upigaji picha, na wa uhariri na usambazaji. Ukiomba fedha za uhariri ilhali hujapiga hata siku moja, ombi limekwisha hapo. Na ukikutana na "mfadhili" anayedai umtumie fedha ili akupe fedha, achana naye. Ada ndogo ya kuingiza filamu kwenye tamasha ni jambo la kawaida. "Gharama ya kuchakata ufadhili" ni wizi.

Karatasi zinazochelewa

Zianze mapema zile zinazotegemea mtu mwingine: cheti cha usajili, barua ya mapendekezo, barua ya benki, idhini ya mwenye haki. Wasifu wako unaweza kuuandika jioni moja, ila barua ya mapendekezo huwezi kumwandikia mtu.

Kuna jambo dogo linalowaangusha wasanii kuliko watu wa fani nyingine, nalo ni majina. Unajulikana kwa jina la sanaa, pasipoti ina jina la kuzaliwa, akaunti ya benki ina herufi moja tofauti, na cheti cha kikundi kina jina la mwenzako. Mfadhili hatatuma fedha mpaka majina haya yalingane. Jaza fomu kwa jina la kitambulisho, kisha jina la sanaa uliweke pale panapoulizwa. Kama akaunti ina kosa, karekebishe sasa, maana baada ya kuchaguliwa utapewa siku chache tu.

Haki nazo zinahitaji karatasi. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kazi yako inalindwa tangu ulipoiumba, bila sharti la kuisajili. Hilo linakufaa, lakini linamfaa pia mwandishi ambaye riwaya yake unataka kuigeuza filamu. Idhini ya mdomo haitoshi, hata kama ni rafiki yako wa miaka mingi. Andikeni makubaliano yanayotaja kazi gani, kwa matumizi gani, kwa muda gani na kwa malipo gani, mtie sahihi wote wawili. Fanya hivyo kwa muziki, kwa picha za kumbukumbu, na kwa wahusika wakuu wa filamu ya maisha halisi. Anayeombwa sahihi mapema, wakati bado ana nafasi ya kukataa, huwa mshirika mzuri zaidi kuliko anayeletewa karatasi kamera ikiwa imewashwa.

Bajeti

Tuseme unaomba kutengeneza filamu fupi ya dakika 15 kuhusu mafundi wa redio. Mwombaji mmoja ataandika "usafiri", "vifaa", "wafanyakazi", na mbele ya kila neno ataweka namba nzima iliyojaa sifuri. Jaji hawezi kujua namba ile imetoka wapi, na pengine mwombaji mwenyewe hajui.

Sasa andika hivi: gari la kukodi, siku 6, watu 4 pamoja na vifaa. Mpigapicha, siku 6 za kazi na siku 1 ya kukagua eneo. Mtu wa sauti, siku 6. Diski mbili za kuhifadhia, moja ikiwa nakala. Mhariri, wiki 4. Kusawazisha rangi, siku 3. Kuchanganya sauti, siku 3. Tafsiri na maandishi ya chini ya picha, dakika 15. Kwa kila mstari weka kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Ukimaliza, mradi wako umekwisha kujieleza. Jaji anaona siku sita za kupiga, anaona kwamba umefikiria sauti (jambo ambalo wengi hulisahau hadi kwenye uhariri), na anaona kwamba picha zako hazitapotea diski moja ikiharibika.

Mambo matatu huachwa nje mara kwa mara. La kwanza ni malipo yako mwenyewe. Waandishi hasa huona aibu kujilipa, wakaandika gharama ya karatasi na intaneti, miezi sita ya kuandika ikaonekana bure. Kama tangazo halikatazi, jilipe, kwa kiwango ambacho ungemlipa mwenzako. La pili ni makato: kodi, ada ya benki ya kupokea fedha kutoka nje, na tofauti ya kubadilisha sarafu. La tatu ni fungu la dharura, ambalo wafadhili wengi hulikubali likiwa asilimia ndogo. Angalia kiwango chao.

Ukiwa na michango isiyo ya fedha, kama ukumbi wa bure au kamera ya kuazimwa, itaje kwa thamani yake kwenye safu tofauti. Inaonyesha kwamba kuna watu wanaokuamini tayari. Isiwe ya kubuni, kwa sababu huenda ukaombwa barua ya aliyeitoa.

Maelezo ya mradi

Sasa andika, ukianza na sentensi moja. "Filamu hii inachunguza changamoto za mafundi katika dunia inayobadilika" haimwambii jaji lolote; inaweza kuwa filamu ya mtu yeyote. Jaribu hii: "Fundi redio mwenye umri wa miaka 70 ana mwezi mmoja wa kuhama kibanda alichokifungua ujanani, na rafu zimejaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, anaamua kuwatafuta mmoja mmoja." Hapa kuna mtu, kuna muda unaoyoyoma, kuna kitendo. Jaji ataikumbuka hata baada ya kusoma maombi mengine thelathini.

Baada ya sentensi hiyo huja muhtasari, na muhtasari wa ombi hutoboa mwisho. Usimwachie jaji fumbo ukidhani utamvutia. Anataka kujua hadithi inafika wapi na kama unajua kuifikisha. Kisha eleza kwa nini wewe, ukitaja kinachokuunganisha na watu hao au eneo hilo, kwa aya moja isiyo na sifa. Mwandishi wa riwaya aeleze pia amefika wapi: sura ngapi zipo, ngapi zimebaki, utafiti gani unahitaji safari. Mchoraji au mchongaji aonyeshe kazi itakaa wapi, ukubwa gani, na nani ataitunza baada ya maonyesho.

Ukimaliza, weka maelezo na bajeti meza moja. Kila kitendo kilichotajwa kiwe na mstari wake wa fedha, na kila mstari wa fedha uwe na kitendo. Kama umeahidi kuonyesha filamu shuleni na bajeti haina projekta wala usafiri wa kwenda huko, moja kati ya hati hizo mbili inasema uongo, na majaji hupenda kukagua hapo hapo.

Sampuli na kutuma

Toa kazi iliyo karibu na unachoomba, hata kama si ile iliyokupatia sifa. Video ya harusi iliyopigwa vizuri haimsaidii anayeomba filamu ya mahojiano. Wakiomba dakika tano, chagua dakika tano, uandike kiungo na nenosiri mahali pamoja, kisha ukijaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine. Kiungo kilichofungwa hakifuatiliwi na mtu. Mwandishi atume kurasa za mwanzo kama hajaelekezwa vingine, zikiwa zimehaririwa, kwa kuwa makosa ya tahajia kwenye sampuli ya mwandishi hayasameheki.

Saa ya mwisho husomwa kwa majira ya mfadhili. Geuza iwe saa ya kwako, uandike ukutani, halafu utume siku mbili kabla, kwa sababu mifumo huelemewa saa za mwisho. Majina ya faili yawe na jina lako na aina ya hati. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa, na usipoupata, uliza siku hiyo hiyo.

Majibu yakija

Ukikubaliwa, usitie sahihi kabla ya kusoma kifungu cha haki. Mfadhili anaweza kuomba nembo yake ionekane, nakala ya kazi, au ruhusa ya kuionyesha kwenye shughuli zake, na hayo ni ya kawaida. Akitaka umiliki wa kazi yote daima, hapo unauza, kwa hiyo uliza ni kwa bei gani na kama unaweza kukataa. Tazama pia fedha zinakuja kwa awamu ngapi. Mara nyingi awamu ya mwisho hutolewa baada ya ripoti, maana yake sehemu ya kazi utaigharamia kwanza wewe. Fungua bahasha ya risiti siku ya kwanza, na ukihitaji kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuzitumia.

Ukikataliwa, andika barua fupi ya heshima ukiomba maoni ya majaji. Si wote wanaoyatoa, lakini wanaoyatoa hukupa usomaji ambao kwingine ungeulipia. Kabla ya kuandika upya, rudi kwenye tangazo uone kama mradi uleule unaweza kuombewa tena: baadhi ya mifuko huukubali ukiwa na mabadiliko makubwa ambayo ni lazima uyaeleze, na mingine haiupokei kabisa mara ya pili.