Kusaka galaksi zilizofichwa na vumbi, ukiwa Mbarara, Uganda

Wanafunzi huniuliza: bila darubini, nitaziona vipi? Hata ungekuwa nayo hapa isingefaa kitu, maana mawimbi ya submilimita (mafupi kidogo kuliko milimita moja), ambayo ndiyo huzifichua, humezwa na mvuke wa maji hewani, na mvua yetu mnaijua. Ndiyo sababu antena 66 za ALMA, mtambo wa darubini za redio, zimepandishwa hadi jangwa la Atacama, Chile, mita kama 5,000 juu ya bahari. Sisi tunachota data zake kwenye hifadhi; nyingi huwa wazi kwa kila mtu baada ya mwaka mmoja.

Kwanza ujue unachotafuta. Weka kiganja juu ya sigiri ambayo makaa yake yamefunikwa majivu: moto huuoni, lakini mkono unaungua. Vumbi la galaksi ni majivu hayo. Humeza mwanga wa nyota changa, hupata joto la kelvini 30 au 40 tu, kisha hutoa infraredi ya mbali, ambayo hunyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu hadi ikatufikia kama submilimita. Galaksi HDF 850.1 iligunduliwa hivyo mwaka 1998, ndani ya kipande cha anga ambacho darubini ya angani Hubble ilikikodolea macho siku 10 bila kuiona. Umbali wake ulipatikana 2012: mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyonyooshwa) 5.183, yaani ulimwengu ukiwa na miaka kama bilioni 1.1.

Hatua ya 1: eneo. Anza na COSMOS, kipande cha anga kilichopigwa picha na darubini nyingi; majira yake (namba za mahali angani) ni digrii 150.1 na +2.2. Mwishoni mwa Machi, saa tano usiku, liko karibu na utosi wako, ngumi moja kusini ya nyota Regulus. Hutaona chochote hapo, ila mimi hupenda kujua ninachungulia wapi.

Hatua ya 2: picha. Ingia DAWN JWST Archive, hifadhi ya mtandaoni ya picha za darubini ya angani James Webb, ukate kipande kidogo katika filta F150W na F444W (infraredi ya maikroni 1.5 na 4.4; maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipande, tafadhali! Mara ya kwanza nilipakua picha nzima ya eneo, bando la mwezi likaisha kabla ya chai ya saa nne.

Hatua ya 3: zifungue zote mbili kwenye DS9, programu ya kutazama picha za anga, uzioanishe kwa majira ya anga, kisha uzipishanishe haraka. Nyota hazitikisiki. Unamtafuta yule anayetoweka: kidoa kama punje ya ulezi kwenye F444W, na kwenye F150W pale pale hakuna kitu.

Hatua ya 4: pima. Picha ya F444W ina ukungu zaidi kwa asili, kwa hiyo itie ukungu F150W kwanza zilingane, halafu tumia duara la ukubwa uleule. Tofauti ikizidi magnitudi 2 (kipimo cha mng'ao cha wanaanga), yaani mwanga mara 6.3, mwandike kwenye daftari.

Hatua ya 5: mshuku. Hapa ndipo wengi huanguka. Wekundu unaweza pia kuwa uzee wa nyota, au umbali mkubwa kupita kiasi. Galaksi CEERS-93316 ilikadiriwa kuwa kwenye mhamo 16 hivi. Spektra (mwanga uliochanganuliwa rangi kwa rangi) ya 2023 ikaishusha hadi 4.9. Vumbi na mistari mikali ya gesi vilikuwa vimewahadaa mabingwa, sembuse wewe na mimi.

Hatua ya 6: ingiza majira yake kwenye hifadhi ya ALMA. Kwa maikroni 870, antena moja huona duara la sekunde-tao 17 hivi tu (sekunde-tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), basi hakikisha kidoa chako kimo ndani. Pima kelele (mtikisiko wa nasibu wa picha) kwenye faili ambalo halijasahihishwa kingo, yaani halijaongezewa nguvu pembeni ambako antena huona hafifu; lililosahihishwa huvimbisha kelele pembeni ukadhani umepata kitu. Gawa kilele kwa kelele. Ukipata 5 na kuendelea, kuna vumbi. Tafuta sasa mstari wa kaboni wa maikroni 158 ujue umbali. Ukipata 3, kapige rolex, chapati yetu ya mayai, urudi kwa kidoa kingine.