Kisa Chako, Dai Lako: Kufundisha Mwaka wa Kwanza Kuandika Insha ya Kitaaluma

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu nchini Kenya huja akiwa amefinyangwa na mtihani. Katika karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, alizoea kupewa methali, akabuni kisa cha kuithibitisha, kisha akakifunga kwa "Ama kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akifika chuoni huambiwa asiseme "mimi" tena, na kabla muhula haujaisha sauti yake imemezwa na "imebainika kwamba" isiyo na mwenyewe. Utaratibu ufuatao huchukua wiki nne na insha moja tu, inayoandikwa upya mara tatu.

Hatua ya kwanza: kisa. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu tukio la shuleni linalohusu lugha, bila kueleza maana yake wala kulitia methali. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuhusu "diski", kibao kilichofungwa uzi wa katani, alichovishwa kwa kusema "nipe rula" badala ya kuomba kwa Kiingereza. Alisimulia alivyozunguka uwanjani akimvizia mwenzake ateleze, apate kumwachia kibao kile kabla ya kengele ya jioni. Usisahihishe sarufi katika rasimu hii. Mimi niliwahi kuzijaza wino mwekundu, na zilizofuata zikaja fupi, zimejaa woga.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, nami huipa wiki mbili nzima. Mwanafunzi apige mstari chini ya kila sentensi anayoweza kuiapia kwa macho yake, kisha azungushie duara kila sentensi inayowasemea watu asiowajua. "Nilivaa diski siku ya Ijumaa" ni ushuhuda, wala hakuna wa kumbishia. "Shule zetu huwafanya watoto waionee haya lugha yao" ni dai, na dai la namna hiyo halibebwi na kisa kimoja. Kila duara ligeuzwe swali. Yule wa diski aliuliza: kwa nini niliadhibiwa kwa kusema Kiswahili, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza?

Hatua ya tatu: maktaba. Vyanzo viwili vinatosha, mradi kimoja kimtatize. Kwa mada hii huwasomesha Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye katika Decolonising the Mind (1986) alisimulia jinsi watoto wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Wengi hukimbilia kuandika kwamba "hali ni ile ile". Warudishe wasome tena: kule iliadhibiwa lugha ya mama chini ya mkoloni, huku imeadhibiwa lugha ya taifa katika nchi huru. Tofauti hiyo ndiyo insha yenyewe.

Hatua ya nne: nafsi. "Nili-" ibaki kwenye ushuhuda, "ninadai" itumike pale dai linapokuwa lake, na la mwingine litajwe kwa jina la mwenyewe. "Imebainika" ifutwe mpaka ajulikane aliyebaini.

Katika alama 20, kisa hukipa 5, swali 5, matumizi ya vyanzo 7, sarufi na marejeleo 3. Uchungu wa kisa hauna alama, na asiyetaka kufukua jeraha lake aruhusiwe kuchagua tukio jepesi.

Rasimu ya tatu ya yule mwanafunzi ilianza na swali la Katiba. Diski ilijitokeza katika aya ya tatu, kwa mistari sita.