Kuendesha klabu ya huduma kwa jamii Moshi: kazi ya kila wiki kwanza, mchango baadaye

Vikundi vingi vya kusaidia jamii hapa Moshi huanza na mchango. Watu wanakutana, wanafungua grupu la WhatsApp, na kabla hawajamfikia hata mzee mmoja, namba ya kuchangia imeshatumwa kwa kila mtu. Miezi michache baadaye grupu limebaki la salamu za asubuhi na taarifa za misiba. Mimi ni mhazini wa klabu ya mtaa upande wa Pasua, na anayekuja kuniuliza tunapataje fedha namjibu hivi: fanyeni kazi inayoonekana, kila wiki, siku ileile, saa ileile. Watu wa mji huu ni wakarimu sana, ila wanatoa kwa kitu walichokwisha kukiona.

Hatua ya 1: Watu wachache, siku moja

Msitafute watu mia. Wanane wanaofika wanatosha kuanza. Chagueni siku kwa kuangalia maisha ya wenzenu wenyewe. Sisi tunakutana Jumamosi saa mbili asubuhi: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumapili Wakristo wako kanisani, na jioni za katikati ya wiki wenye biashara pale soko la Mbuyuni bado wanafunga hesabu. Kama kwenu kuna wapagazi na waongoza watalii, mjue kwamba Januari na Februari, na tena kuanzia katikati ya mwaka hadi Oktoba, wengi wako mlimani. Mwenyekiti na katibu wawe watu wanaolala nyumbani.

Kukosa ofisi si kikwazo. Paul Harris na wenzake watatu walipoanzisha Rotary, mtandao wa klabu za huduma uliosambaa dunia nzima, kule Chicago mwaka 1905, walikuwa wakikutana kwa zamu kwenye ofisi za wanachama. Zamu inafaa hata kwetu: wiki hii kwa fundi cherehani, wiki ijayo darasani shuleni kama mwalimu mkuu ameridhia.

Kwa miaka mingi klabu za Rotary zilitakiwa kukutana kila wiki. Mwaka 2016 walilegeza, sasa klabu inaweza kukutana hata mara mbili kwa mwezi. Klabu kongwe inalimudu hilo. Klabu changa naishauri isiruke wiki, kwa sababu mkishazoea kuahirisha, anayefika kwa wakati anajikuta peke yake mlangoni, na hatarudi.

Kikao chenyewe kisizidi saa moja. Dakika kumi za kwanza ni taarifa ya wiki iliyopita na mhazini kusoma salio. Zinazofuata ni kugawana kazi: nani anakwenda wapi, anabeba nini, anarudi na taarifa lini. Mengineyo yaje mwishoni. Katibu aandike muhtasari palepale, kwa mkono, na wote wasaini mahudhurio.

Hatua ya 2: Mjulikane serikalini

Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata, mpate barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo mnakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kuomba usajili wa kikundi. Andaeni katiba fupi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuanzisha kikundi, na orodha ya wanachama yenye sahihi. Cheti kikitoka, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, fedha zitoke kwa sahihi mbili. Mchango usiingie kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mchungaji au shehe. Mnamlinda yeye pia.

Hatua ya 3: Ratiba ya wiki nne

Hapa ndipo klabu inaposimama au kuanguka. Sisi tunazungusha kazi nne, kila Jumamosi na kazi yake, ili hata asiyesoma ujumbe wa simu ajue leo tuko wapi.

Jumamosi ya kwanza ni ya wazee na wagonjwa wa majumbani. Msiende bila mjumbe wa shina. Yeye ndiye anayejua bibi anayeishi na wajukuu watatu bila msaada, na anajua pia nyumba ambayo inaonekana duni lakini watoto wako Dar wanatuma fedha kila mwezi. Nendeni wawili au watatu, msijaze chumba. Mkifika, anzeni na shikamoo na kukaa. Muulizeni ameamkaje, nani anamchotea maji, dawa zake zinaisha lini. Mwenzetu mmoja ana daftari dogo ambalo ukurasa mmoja ni wa mzee mmoja: tarehe ya kliniki, jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye boksi, namba ya jirani wa karibu, na anachokula na asichokula. Tukirudi mwezi unaofuata hatumwulizi upya. Tunamwambia, "Bibi, kliniki yako ni Alhamisi, kijana wa bodaboda atakupitia saa moja." Kwa maoni yangu daftari lile ni mali kubwa kuliko chochote tulicho nacho benki.

Picha za wazee msipige. Mwenye kuchangia akitaka ushahidi, aonyeshwe stakabadhi ya dawa iliyofichwa jina, au aje mwenyewe.

Jumamosi ya pili tuko shuleni. Wanachama waliosoma wanasaidia darasa la saba na kidato cha pili na cha nne hisabati na Kiingereza, mafundi wanatengeneza madawati yaliyolegea. Fundi mwenye nyundo, randa na misumari akikaa uani asubuhi moja anarudisha darasani madawati mengi ambayo yalikuwa yamerundikwa nyuma ya choo. Gharama ni misumari na chai.

Jumamosi ya tatu inabadilika kwa msimu. Masika yakishika, mwishoni mwa Machi na Aprili, tunapanda miti: mringaringa kwa kivuli, mparachichi kwenye nyumba zenye watoto. Kila mche ukabidhiwe mtu wa kuumwagilia kuanzia Juni, la sivyo kiangazi kinaumaliza. Miezi mingine tunakwenda kuchangia damu. Moshi ndiko kilipo kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini, kwa hiyo gharama yetu ni nauli tu. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Katibu aweke kumbukumbu ya tarehe za kila mtu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi, na nchi nzima inajua hivyo. Ungeni na mtaa. Chukueni mtaro mmoja uwe wenu, uleule kila mwezi. Mvua ikinyesha na maji yasipoingia dukani kwa mama ntilie wa kona ile, atawatangaza kuliko kipeperushi chochote.

Hatua ya 4: Anzeni na mifuko yenu

Kabla ya kumwomba mtu wa nje, kila mwanachama atoe kiasi kidogo kila wiki, hata shilingi 1,000. Wanachama kumi na wawili wakitoa hiyo, kwa mwezi ni shilingi 48,000: nauli za kliniki, misumari na sabuni vimepatikana. Pia mkienda kwa mfanyabiashara akauliza "nyie wenyewe mmetoa ngapi?", na atauliza, mna jibu.

Hatua ya 5: Kitu kimoja, bei moja

Usichangishe kwa "kusaidia wenye uhitaji". Changisha kwa tangi la maji la lita 1,000 la shule fulani, pamoja na bomba na fundi. Chukueni bei kwenye maduka matatu, mwende na ankara kifani (proforma) mkononi. Mtu akiona jumla na kilichobaki, anajua elfu kumi yake inaziba wapi.

Hatua ya 6: Njia za kuchangisha zinazofaa hapa kwetu

Angalieni kalenda kwanza. Januari acheni watu wapumue, ni mwezi wa ada na sare. Msimu mzuri kupita yote ni wiki mbili za mwisho wa Desemba, ambapo watu wa Kilimanjaro wanarudi kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na nje ya nchi. Wanakuja na fedha, na wanakuja na hamu ya kufanya kitu nyumbani. Andaeni jambo lenu kuanzia Oktoba.

Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wa Jumapili asubuhi ndio naupenda kuliko njia zote. Ndizi mshare zinatoka vihambani kwa wanachama, Kibosho, Machame, Marangu, bila kununuliwa. Zimenyeni alfajiri ileile na kuzitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi; nyama ya mifupa iwe imechemshwa tangu usiku. Mwarifuni afisa afya wa kata mapema, na wapishi wawe wamepimwa. Omba nafasi karibu na kanisa ibada ya kwanza inapotoka, maana watu wametoka nyumbani bila kunywa chai.

Hesabu yake, tuseme nyama ni shilingi 11,000 kwa kilo: kilo 8 ni 88,000. Mkaa, vitunguu, chumvi na kukodi sufuria na bakuli, tuseme 32,000. Jumla 120,000. Mkiuza bakuli 100 kwa shilingi 2,500 mnapata 250,000, faida 130,000. Sasa mwenye bucha akiwapa nyama bure, faida inapanda hadi 218,000. Ndiyo maana napigia debe michango ya vitu: mwenye bucha kutoa kilo 8 ni rahisi kuliko kutoa noti, na kwenu inaongeza faida kwa zaidi ya nusu.

Njia ya pili ni mnada, ambao watu wa hapa wameukulia kanisani. Mkungu wa ndizi unanyanyuliwa, mnadi anaanza na elfu tano, unapanda hadi elfu ishirini. Aliyeununua analipa, halafu anasema "naurudisha," na unanadiwa tena. Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara tatu kabla haujaondoka uwanjani. Siri iko kwa mnadi. Tafuteni mtu anayejua majina na koo za waliokaa mbele, anayeweza kuwashindanisha watu wa Rombo na wa Machame wakacheka huku wakipandisha bei, bila kumwaibisha asiyekuwa nacho. Kuku, mayai, asali na kitenge vinanadika vizuri. Mwenye daftari akae pembeni ya mnadi aandike jina, kitu na kiasi papo hapo. Ahadi iandikwe kama ahadi, isichanganywe na fedha taslimu.

Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, inaleta wageni wengi kwenye Chuo Kikuu cha Ushirika. Mnaweza kuomba kwa waandaaji, miezi kadhaa kabla, mkusanye chupa tupu za maji na kuziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki. Fedha si nyingi, lakini mji mzima unawaona.

Kuosha magari, kuuza mitumba iliyotolewa na wanachama, matembezi ya hisani, yote yanawezekana. Bahati nasibu iacheni, kwa sababu inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kwa wenye maduka, pelekeni barua yenye muhuri, ukurasa mmoja, mkaombe kitu anachouza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi muombeni mifuko miwili ya saruji. Nendeni asubuhi kabla ya wateja kujaa, aliyeandika barua awepo. Akisema rudini wiki ijayo, rudini siku ileile aliyotaja.

Hatua ya 7: Kuhesabu na kutoa taarifa

Fedha zihesabiwe palepale uwanjani, mezani, kabla sufuria hazijaoshwa. Wawili wanahesabu, mmoja akiwa si kiongozi. Noti zinapangwa kwa thamani, kila fungu linahesabiwa na wa kwanza kisha wa pili bila kuambiana, halafu wanasema kwa pamoja. Zikitofautiana wanarudia. Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wanasaini, na mtu wa tatu anapiga picha ya ukurasa na kuituma kwenye grupu kabla hawajatawanyika. Matumizi ya siku yasilipwe kutoka kwenye sanduku. Yalipwe na fedha iliyotengwa mapema, kwa stakabadhi. Jumatatu asubuhi fedha ziko benki.

Ndani ya wiki mbili kila aliyetoa apate taarifa: tulipata kiasi gani, tulitumia kiasi gani, tangi limefungwa lini. Aliyetoa elfu mbili apate ujumbe uleule wa aliyetoa laki mbili. Kanisani na msikitini ombeni dakika mbili za matangazo. Serikali ya mtaa mpeni nakala ibandikwe ubaoni. Waliotoa vitu watajwe pamoja na vitu vyao: nyama kilo 8, saruji mifuko miwili, ndizi mikungu minne.

Ahadi zilizobaki za mnada zifuatiliwe kwa simu na mtu mmoja mwenye ulimi mzuri, mara mbili tu, kisha ziachwe. Na fedha ikizidi bei ya tangi, msiihamishie kimyakimya kwenye jambo jingine: ipelekwe kwenye kikao cha Jumamosi, wanachama waamue, katibu aandike, na waliochangia waelezwe kwenye taarifa ileile.