SOMO: Kutibu upele mpaka uishe (soma hatua zote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimepaka dawa, umerudi." Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia huu uzi.

Naongelea upele wenyewe, ule wa kidudu kiitwacho kitaalamu Sarcoptes scabiei, siyo vipele vya joto wala mashilingi. Utaujua hivi: muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni, kuzunguka chuchu kwa wanawake, na sehemu za siri kwa wanaume. Na ukichunguza utakuta kuna mwingine humo ndani anajikuna. Ukiona usaha, homa, au ngozi imeota magamba mazito, acha kusoma, nenda hospitali.

Jike la kidudu hiki huchimba kijinjia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai 2 hadi 3 kwa siku. Yanaanguliwa baada ya siku 3 au 4. Muwasho ni mwili wako unavyokikataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake, na mwili huchukua muda kukitambua. Aliyeupata mara ya kwanza anaweza kumaliza wiki 4 hadi 6 hajisikii chochote, huku anaambukiza.

1. Nunua dawa kwa mfamasia: krimu ya permethrini 5%, au BBE (benzili benzoeti) 25%. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka miwili waonwe kwanza na daktari au muuguzi. Mtoto mkubwa kidogo hapakwi BBE ya mtu mzima hivihivi, huzimuliwa. Mfamasia atakwambia kwa kiasi gani.

2. Kata kucha, mikono na miguu.

3. Nyumba nzima ipake siku moja. Hapa ndipo nyumba yetu ilipokwama. Tulimpaka mtoto anayejikuna, akapona, baada ya muda kaanza upya, tukalaumu dawa. Kumbe ulikuwa kwa dada wa kazi na kwa baba mtu, wote wawili hawawashwi. Rudia kusoma zile wiki 4 hadi 6 hapo juu. Kila anayelala humo, na yeyote unayelala naye hata kama anaishi kwingine, apake usiku uleule. Siyo huyu leo, yule Jumamosi akirudi safari. Kama mmoja hayupo, msubirini muanze pamoja. Na msiogope kumwambia mgeni aliyelala kwenu wiki iliyopita. Atakasirika, ila asipotibiwa atawarudishia.

4. Oga maji ya kawaida, jikaushe, mwili upoe ndipo upake. Usijisugue kwa dodoki wala jiwe: ngozi iliyochubuka inanyonya dawa zaidi, na BBE itakuchoma mpaka uruke. Paka kuanzia shingoni hadi nyayo, siyo penye vipele tu. Katikati ya vidole, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, kwenye mpasuko wa makalio, sehemu za siri, na chini ya kucha (tumia mswaki mkuukuu, kisha uutupe). Watoto wadogo wapakwe na kichwani na usoni, ukikwepa macho na mdomo. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Permethrini hukaa saa 8 hadi 14, basi lala nayo. BBE kwa kawaida hukaa saa 24. Fuata maelekezo ya chupa yako.

5. Asubuhi fua nguo za siku tatu zilizopita, mashuka na taulo kwa maji ya moto, anika juani. Kisichofulika funga kwenye mfuko wa nailoni siku nne. Bila ngozi ya mtu kidudu hakimalizi siku nyingi.

6. Permethrini irudiwe baada ya siku 7, wote tena, hata aliyepona, ili kuwakamata waliotoka kwenye mayai. BBE irudiwe kama ulivyoelekezwa.

MASWALI

Kijana_Mbagala: Mkuu dawa nzuri ni ipi?
— Hatua ya 1.

Mama Wawili: Tumemaliza yote, wiki ya pili sasa bado nawashwa usiku. Turudie?
— Hapana dada. Vidudu vilivyokufa bado vimo kwenye ngozi, mwili unaendelea kuvikataa. Muwasho unaweza kwenda wiki 2 hadi 4. Ukipakapaka dawa kila siku utaikausha ngozi na kuzidisha muwasho. Rudi kwa daktari kama vinaota vipele vipya, au mwezi umepita.

Fundi Rangi: Mie napaka ile krimu ya mchanganyiko, muwasho unakata palepale.
— Muwasho unakata, upele unabaki. Krimu zile nyingi zina steroidi: zinanyamazisha ngozi huku kidudu kinazaa kwa raha. Daktari naye akikuona anashindwa kuutambua.

Mpiga Kasia: Huku kwetu wazee wanatumia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inaponya.
— Ni sumu, inapita kwenye ngozi. Sibishani.

Mpiga Kasia: Nimeuliza tu mkuu.
— Hukuuliza, umesema inaponya. Kuna mtu atakusoma na kumpaka mtoto.

Binti wa Pangani: Samahani, huu si ugonjwa wa uchafu? Naoga mara mbili kwa siku na nimeupata bwenini.
— Swali zuri. Kuoga hakukitoi, kimejichimbia. Kinachohitaji ni ngozi kugusana kwa muda: kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, kushikana mikono kwa muda mrefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Kenneth Mellanby aliwachukua watu waliokataa kupigana kwa sababu ya imani zao, pale Sheffield, akawavisha nguo za ndani za wagonjwa na kuwalaza kwenye mablanketi yao. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Walipolala kitanda kimoja na wagonjwa, ndipo ukawapata. Akakuta pia kwamba mgonjwa wa kawaida ana vidudu kumi na kitu tu mwili mzima. Bwenini mnabanana, ndicho kilichokupata. Mwambie matroni bweni zima litibiwe pamoja, usitibiwe peke yako.

Binti wa Pangani: Kumi na kitu tu, na siwezi kulala! Asante sana.

Babu Ali: Ndiyo maana wakasema upele humwota asiye na kucha.
— Mwenye kucha ndiye anayejichimba mpaka apate vidonda na bakteria, babu. Bora huyo asiye nazo.

Shangazi Mwaka: Ngozi ikishakauka na dawa, mafuta ya nazi yanasaidia. Ila liwa msisugulie mpaka vidonda vifunge.
— Sawa shangazi. Mafuta baada ya kuosha dawa, siyo juu ya dawa.

Dereva_Bajaji: Mkuu nimesoma yote. Mke wangu hawashwi, naye apake?
— Hatua ya 3.