Somo: Namna ya kuandaa matembezi ya mtaa, kwa ajili ya miti, kumbukumbu na maeneo ya wazi

Ndugu zangu, wengi mmeuliza mnawezaje kuwafanya majirani wajali eneo la wazi, mti mkongwe au kijito kinachopita mtaani. Mimi nawajibu: anzeni kwa kutembea pamoja. Tangazo la usafi huwaleta walewale watano. Matembezi humleta mzee, mtoto, na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita.

Wenzetu wamekwisha kutuonyesha njia. Mwaka 2007, wakazi wa Toronto, Kanada, walianzisha matembezi ya Jane's Walk kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi aliyetetea mitaa ya watu wa kawaida na kufariki 2006. Leo hufanyika katika miji mingi duniani mwanzoni mwa Mei. Ni bure, na wanaoongoza ni wakazi wenyewe.

Hatua ya 1: Ipite njia kabla ya wengine. Ipite mara mbili, na mara moja iwe saa ileile mtakayotembea. Kilomita 2 zinatosha kabisa. Mtu peke yake huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, lakini kundi linalosimama na kusikiliza halifiki hata nusu ya hapo. Chagua vituo 5 au 6 vyenye kivuli, ambapo watu watasimama bila kuziba njia. Penye mtaro, jiulize aliye kwenye kiti cha magurudumu atapita wapi. Na vituo vyote visiwe vya miti tu, litakuwa darasa la mimea. Tafuta mahali ambapo mambo yamekutana, kama kisima cha zamani chenye mti pembeni na watoto wanaocheza chini yake.

Hatua ya 2: Waone wazee. Hapa ndipo nawaomba mtumie muda mwingi kuliko pengine popote. Nenda ukakae nao siku kadhaa kabla. Usimwambie mzee "tuelezee historia ya mtaa", kwa sababu ataanza kutafuta tarehe na kuogopa kukosea. Muulize kitu kinachoshikika: maji mlikuwa mkichota wapi? Kabla ya ukuta huu palikuwa na nini? Nani alikuwa akikaa chini ya mti huu jioni? Ukiwa na picha ya zamani, mpe aishike mkononi, nawe unyamaze. Omba ruhusa kabla ya kumrekodi, kisha omba tena kabla ya kuisambaza sauti yake. Wazee wawili wakitofautiana, wasikilizeni wote wawili mbele ya kundi. Mwaka ulioandikwa kwenye ukuta wa jengo au kwenye hati unaweza kuamua jambo la tarehe, lakini hauwezi kufuta alichokumbuka mtu. Penye makaburi au ibada, wanaopatunza ndio wa kusema kama mtaingia.

Hatua ya 3: Siku yenyewe. Watu 20 kwa kiongozi mmoja, na mwingine abaki mkiani asiachwe mtu. Katika kila kituo, wape watu kazi kabla ya maneno. Kwenye mti, watoto wazungushe futikamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, kimo ambacho wataalamu wengi wa misitu hutumia. Andikeni kipimo, mwakani mrudi palepale. Kwenye eneo la wazi, kila mmoja anyamaze dakika 5 ahesabu: nani ameketi, nani anapita bila kusimama, jua limeangukia wapi. Mtafiti Mmarekani William Whyte alichunguza viwanja vya umma vya New York katika miaka ya 1970 akaona kwamba watu hukaa zaidi pale palipo na pa kukaa. Jambo linaonekana dogo, lakini tazama ni maeneo mangapi hayana hata benchi moja.

Hatua ya 4: Malizieni na kazi moja. Moja tu, yenye jina la mtu na tarehe. Kwa mfano, kuweka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, kuzunguka miche. Yasiguse shina, unyevu utaozesha gome. Kama ni kupanda au kujenga chochote, pateni kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka ya eneo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mtaa wetu ni mpya, hauna jengo hata moja la zamani. Tutaonyesha nini?*

Marahaba. Nyumba ni mpya, ardhi si mpya. Anza na jina la mahali, lilitoka wapi? Kisha fuata maji ya mvua, yanaingia wapi na kutokea wapi. Mara nyingi utakuta kijito kimefukiwa na kupitishwa ndani ya kalavati, yaani bomba kubwa la chini ya barabara, na yupo mtu anayekikumbuka.

*Kaka, kwa nini tusipande miti 500 siku hiyohiyo, watu wakiwa wamekusanyika?*

Kwa sababu kesho yake hawatakuwapo. Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977, alianza na miti 7. Baadaye kina mama waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliobaki hai. Hesabuni iliyo hai, na mpande ile mnayoweza kuimwagilia kiangazi.

*Je, simu inaweza kututambulishia mimea?*

Inaweza. Programu ya iNaturalist hufanya hivyo. Pigeni picha ya jani, ua na gome, si jani peke yake. Ila jibu la kwanza ni kisio, msile mmea kwa kulitegemea. Na mkiona kiota au mmea adimu, msitangaze mahali hasa ulipo.

*Dada yangu ameongoza mara mbili. Mara ya pili wamekuja wanne tu, amekata tamaa.*

Mpe pole, na umwambie asiache. Wanne waliorudi ndio watakaomwagilia. Amtafute kati yao aliyeuliza maswali mengi, ampe kituo kimoja aongoze mara ya tatu, yeye mwenyewe akae mkiani.